Barua Kumi na Saba Kisandukuni

Mende wa kwanza alitoka kwenye tundu la feni la kisanduku cha mtandao, akasimama juu yake, akapunga sharubu kama mwenye nyumba anayemuuliza mgeni shida yake. Wengine wawili hawakusimama. Walishuka ukutani, wakaingia chini ya mkeka uliokunjwa kwenye kona ya stoo.

"Mkeka wa nani huu?" aliuliza Sajenti Melania Ntakije.

"Wangu, afande," alijibu Marselino, karani wa ofisi.

"Unalala humu?"

"Ndiyo, afande. Ofisi ilinipa ruhusa."

"Umeona mwenyewe," alisema Bwana Nasri kutoka mlangoni. Hakuingia. Meneja huyo alikuwa ameziba pua kwa leso nyeupe, na marashi ya leso yalikuwa yameshatangulia ndani, yakachanganyika na harufu ya mkojo wa panya na ya maboksi yaliyolowa mvua. "Ndivyo walivyo hawa wakimbizi. Unampa kazi, unampa pa kulala, anakujazia wadudu. Mimi nikitoka humu huwa naoga."

Melania alimwangalia mara moja, kisha akarudisha macho kwenye kisanduku. Stoo ilikuwa inanuka, lakini alikwishaingia mahali panaponuka zaidi. Kilichomkera ni leso ile.

Alikuwa amefika Katubuka asubuhi hiyo ya Ijumaa akiwa na jalada jembamba. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya Bwana Nasri, aliyoyatoa kituoni jana yake: kwamba Shirika la Daraja la Jamaa, linalotafuta wazazi wa watoto waliopotea vitani, halijaweza kutuma barua hata moja Dar es Salaam tangu Jumanne, kwamba karani wake Marselino, mkimbizi kutoka Kongo, ameharibu mtandao kwa makusudi, kwamba akamatwe. Mwaka huo wa 2001 makambi ya mkoa yalikuwa yamejaa watu wa Burundi na wa Kongo, na mashtaka ya aina hiyo yalikuwa yanaandikwa haraka. Mkuu wa kituo alimwambia Melania amlete huyo kijana kabla ya saa sita. Melania akaomba kwanza akaone kilichoharibiwa.

Kisanduku kilikuwa cha buluu, ukubwa wa mkate mzima, hakina kioo wala kibodi. Ndani yake mlikuwa na programu ya Linux, na kazi yake ilikuwa kuziunganisha kompyuta tatu za ofisi na dishi lililofungwa juu ya bati, kupokea barua pepe na kuzituma. Taa zake nne zilikuwa zinawaka kijani.

"Mgonjwa huyu mbona macho yake yote yanaona?" Melania aliuliza.

"Sajenti, mimi ni mtu wa utawala," alisema Bwana Nasri. "Mashine ni mambo ya vijana. Mimi sijui hata kinawashwa wapi. Ninachojua ni hiki." Alimkabidhi karatasi iliyochapishwa, kwa ncha za vidole viwili. Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu. "Mashine hujiandikia yenyewe kila inachofanyiwa. Nimeichapisha jana, mimi mwenyewe, ili polisi msipate taabu. Soma hapo. Jumanne, saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri, mtu amebadilisha neno la siri. Dakika tatu baadaye amebadilisha mipangilio. Alfajiri hiyo nani yumo humu ndani? Mlinzi yuko getini. Aliyemo ni huyu na mende wake."

Karatasi ilisema 04:12. Melania aliikunja, akaitia ndani ya jalada.

"Neno la siri jipya unalo?" alimuuliza Marselino.

"Sinalo, afande. La zamani limekataa tangu Jumanne mchana."

"Mbaneni atalitoa," alisema Bwana Nasri. Alivuta mkono wa shati kidogo, akachungulia saa yake, akaurudisha. "Saa tano na robo hii. Mimi nina swala ya Ijumaa."

*

Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya Marselino, ya pili ya Bi Mwanvua, katibu wa ofisi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Nje, kwenye kibaraza, alikaa mwanamke mwingine juu ya tofali, ndoo ya plastiki miguuni pake. Benchi la wageni lilikuwa limeegemezwa ukutani, miguu juu.

"Yule mama mbona amekaa chini?" Melania aliuliza.

"Muulize bosi," alisema Bi Mwanvua bila kupunguza sauti. "Anasema benchi litashika harufu ya dagaa. Huyo ndiye Rahabu, afande. Ndiye mwenye haraka kuliko sisi wote."

Habari yake ilikuwa fupi. Mwaka 1996, watu walipokuwa wanakimbia risasi huko Uvira, Kongo, Rahabu aliponyokwa na mkono wa mtoto wake, Agape, mwenye miaka mitatu. Mtoto alivushwa ziwa na watu wengine, akalelewa kambini na bibi mmoja ambaye alifariki mwaka jana. Mama naye alivuka kivyake, na kwa miaka minne amekuwa akianika dagaa Ujiji, bila kujua kwamba mwanawe yuko upande huu huu wa ziwa. Wiki mbili zilizopita Marselino, akipita mwaloni, pale ufukweni wanaposhusha samaki, na picha za watoto mkononi, akampata.

"Kesho saa mbili asubuhi," alisema Bi Mwanvua, "huyo mtoto anapandishwa ndege. Ameandikwa yatima. Kuna familia inamngoja huko ng'ambo, kwenye barafu. Makao makuu ya Dar wanaweza kumtoa kwenye orodha, lakini wanataka picha ya mama, alama ya dole gumba na maelezo ya mwenyekiti wa mtaa, vyote kwa barua ya ofisi, kabla ya saa tisa leo."

"Hamkupiga simu?"

"Nimepiga mpaka sikio limeota sugu. Unajua walivyonijibu? 'Kwa simu kila mtu ni mama.' Faksi nayo iliuawa na radi mwezi wa tatu."

"Barua mlituma lini?"

"Jumanne jioni," alisema Marselino. "Nikatuma tena Jumatano. Nikatuma tena jana. Kila mara kompyuta inasema imetumwa. Dar wanasema hawana kitu."

Melania alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya Marselino. Alikuwa amekaa miaka sita kwenye kitengo cha mawasiliano cha polisi kabla ya kuhamishiwa upelelezi, na vidole vyake havikusahau. Alifungua dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika.

"Unafanya nini?" aliuliza Bwana Nasri. Alikuwa amemfuata mpaka hapo, leso bado puani.

"Nabisha hodi."

"Hodi?"

"Mtu akikwambia nyumba fulani haiitikii, huendi kuvunja mlango wake. Unaanza na mlango wa jirani, unasonga mmoja mmoja. Utakaponyamaza, hapo ndipo penye jambo."

Aliandika ping, kisha namba ya kisanduku. Majibu yakashuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Kisanduku kiko hai. Aliomba kuingia ndani yake, na kwa jina la kawaida la Marselino kikamkubalia: jina la kawaida huruhusiwa kutazama, ila haliruhusiwi kugusa. Kutoka humo akabisha hodi kwenye kifaa cha dishi. Kikaitika. Akabisha hodi kwenye namba moja ya Dar es Salaam. Kimya cha sekunde moja, kisha nayo ikaitika, kwa uvivu wa kitu kinachosafiri mpaka angani na kurudi.

"Dishi zima. Nyaya nzima," alisema Melania. "Barabara ya Dar iko wazi."

"Basi barua ziko wapi?" aliuliza Bi Mwanvua.

Melania aliandika neno jingine. Kisanduku kikamwonyesha foleni. Barua kumi na saba, ya kwanza ya Jumanne. Zote zilikuwa zimelala humo humo stoo, pamoja na mende. Tatu zilikuwa na jina la Agape.

Marselino alishika kichwa. "Zimo humu? Siku zote hizi zimo humu?"

"Zimo. Kila mlipotuma, kisanduku kilizipokea, ndiyo maana mliambiwa zimetumwa. Kisha kikakwama mlangoni." Alibisha hodi tena, safari hii kwa jina la makao makuu badala ya namba. Mstari mmoja tu ulijitokeza: jina hilo halijulikani. "Kinajua kutembea, ila kimepotezewa kitabu cha majina. Huko nje kuna mashine ambayo kazi yake ni kuambiwa jina na kurudisha namba. Kila kisanduku hupewa anwani ya mashine hiyo. Hebu tuone hiki kimepewa ipi."

Alifungua faili dogo lenye mstari mmoja. Akabisha hodi kwenye anwani iliyoandikwa humo. Wakasubiri wote wanne. Anwani haikuitika.

"Nyumba haipo," alisema Melania. "Mtu amekituma kisanduku kikaulize njia kwenye kiwanja kitupu. Halafu akabadilisha kufuli ili asije mwingine akakirekebisha. Kuharibika si hivi. Hii ni kazi ya mtu mwenye akili zake."

"Si ndivyo nilivyokwambia!" Bwana Nasri aliondoa leso kwa mara ya kwanza. "Mwenye akili za mashine humu ni nani?"

"Bi Mwanvua, kompyuta yako nayo haifungui kurasa?"

"Haifungui hata moja. Kwa bosi tu ndiyo inafunguka. Jana nilimpelekea chai, anasoma matokeo ya mpira."

"Kompyuta yangu ilifungwa na mafundi wa Dar," alisema Bwana Nasri haraka. "Ina mipangilio yake."

"Ina kitabu chake cha majina," alisema Melania. "Haiulizi kisanduku. Sawa."

Alitoa ile karatasi kwenye jalada, akaitandaza mezani.

*

"Marselino, Jumanne saa kumi alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala, afande. Stoo."

"Nani alikuona?"

Kijana alifikiri. "Mende," alisema, na hakuwa anafanya mzaha.

Melania aliiangalia ile 04:12 kwa muda. "Chuoni tulifundishwa kwamba mashine hizi zikitoka kiwandani huwa zinahesabu saa za Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kama hiki hakikurekebishwa, basi hii si saa kumi alfajiri. Ni saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa moja ulikuwa wapi?"

Marselino alimeza mate. "Hapa ofisini, afande. Nafagia."

"Nani mwingine alikuwapo?"

"Hakuna. Bi Mwanvua hufika saa mbili."

"Alhamdulillahi," alisema Bwana Nasri. "Amejifunga mwenyewe. Sajenti, pingu unazo?"

"Ninazo."

Nje, mwanamke wa kwenye tofali alikuwa amesimama. Alikuwa mwembamba, mikono yake imepauka kwa chumvi na jua. Alishika nguzo ya kibaraza, hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Afande mama," alisema. "Huyu kijana munamupeleka wapi? Huyu ndiye aliniona. Wengine wote walinipita tu."

"Rudi ukae, mama!" alifoka Bwana Nasri. "Unatujazia inzi!"

Melania aligeuza kiti polepole. Alimtazama Bwana Nasri kuanzia viatu vilivyong'aa hadi kwenye kola, kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga gizani. Kisha akarudi kwenye kibodi. Mtu akiwa na haraka ya pingu, yeye alikuwa na desturi ya kuuliza swali moja zaidi.

Aliandika date. Kisanduku kilitaja saa yake: 05:40.

Kwenye mkono wa Melania mshale mfupi ulikuwa unakaribia kumi na mbili, na yeye aliusoma kama tusomavyo sote: saa sita kasoro dakika ishirini. Kwa hesabu ya mashine, hiyo ni 11:40. Alifanya hesabu ya kutoa mara mbili ili asikosee.

"Si Greenwich," alisema. "Ingekuwa Greenwich, kingesema 08:40. Kiko nyuma kwa saa sita kamili. Si tano, si saba, na dakika ziko sawasawa. Mashine haikosei hivyo yenyewe. Kuna mtu alikiwekea saa. Lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu," alisema Marselino. "Betri ya ndani ya saa ilikufa. Kikizimwa kinasahau, lazima kiwekewe upya. Jumatatu mafundi walikuja kufunga betri ya akiba, wakakizima."

"Wewe ndiye uliyeweka?"

"Hapana, afande. Jumatatu nzima nilikuwa kambini kupiga picha za watoto."

Bi Mwanvua alikuwa ameanza kufungua mdomo. Melania akainua kidole.

"Bwana Meneja, saa ngapi sasa?"

"Nini?"

"Una swala. Saa ngapi kwako?"

Bwana Nasri alivuta mkono wa shati kwa mazoea, kabla hajajiuliza kwa nini. "Saa sita kasoro…"

"Nionyeshe."

Ilikuwa saa kuukuu ya chuma, kioo chake kimekuwa cha manjano. Mshale mfupi haukuwa karibu na kumi na mbili. Ulikuwa karibu na sita.

Bi Mwanvua alipiga paja. "Saa ya marehemu mzee wake! Afande dada, wazee wa Ujiji hawakufuata saa za redio. Jua likizama, wanapeleka mshale juu kabisa, ndiyo saa kumi na mbili yao ya magharibi, basi. Unachosema ndicho unachokiona. Mzee Kaombwe alikuwa na meza ya samaki wa migebuka pale sokoni Ujiji miaka arobaini, kila mtu alikuwa anamtania na hiyo saa. Na Jumatatu ni huyu huyu aliyeniambia, 'Acha, saa nitaweka mimi.'"

"Mtu asiyejua kisanduku kinawashwa wapi," alisema Melania. "Akakiwekea alichokiona mkononi, ndiyo maana kiko nyuma kwa saa sita."

"Niliweka saa!" Sauti ya Bwana Nasri ilipanda. "Ni kosa? Neno la siri wakati huo lilikuwa limebandikwa chini ya kisanduku, kila mtu analiona. Niliweka saa Jumatatu. Uharibifu ni wa Jumanne."

"Ni wa Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili. Si alfajiri. Ni asubuhi, ofisi iko wazi. Marselino, Jumanne saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

Kijana alisogea mezani. Alitia mkono mfukoni, akatoa kibali chake, karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo na kufunikwa nailoni. Nyuma yake ilikuwa imejaa mihuri ya bluu, mmoja juu ya mwingine. Kila Jumanne mkimbizi anayefanya kazi mjini aliripoti kituo cha polisi, akapanga foleni ya kusimama, akagongewa muhuri.

Melania aliinua simu ya mezani, akazungusha namba ya kituo.

"Bonifasi? Fungua daftari la wageni wa kambi, Jumanne. Marselino, karani wa Katubuka. Alifika saa ngapi?" Alisubiri. Sauti ya Koplo Bonifasi ilikuwa inacheka huko upande wa pili. "Nini? Rudia, kuna watu wanasikia." Alisogeza simu mbali na sikio.

"Nasema alifika saa tatu na nusu," ilisema simu. "Nikamsimamisha mpaka saa tano kasoro. Alikuwa anajifanya ana haraka, eti kuna barua ya mtoto! Nikamwambia simama hapo, hapa si kwenu."

Melania alirudisha simu mahali pake taratibu.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," alisema, "alikuwa amesimama mbele ya polisi."

*

Bwana Nasri alikaa kwenye kiti cha Bi Mwanvua bila kukifuta kwanza.

"Haithibitishi kwamba ni mimi. Bi Mwanvua naye alikuwapo."

"Alikuwapo. Lakini hakuniletea karatasi." Melania aligonga ile karatasi kwa kidole. "Shajara ya kisanduku. Hebu tuichapishe nyingine." Aliandika. Kioo kikamjibu kwamba hana ruhusa. "Umeona? Kwa jina la kawaida haifunguki. Inataka neno la siri la mkuu. La zamani limekufa Jumanne. Jipya analijua aliyelibadilisha peke yake. Wewe umeichapisha jana, Alhamisi. Ulisema mwenyewe, stoo, mbele ya mashahidi, na tarehe ya jana iko hapa chini ya ukurasa."

Feni ya dari ilizunguka. Bwana Nasri alikunja leso mara nne, akaikunjua.

"Marselino," alisema Melania, "niletee jalada la mtoto Agape."

Lilikuwa na kurasa chache. Ya nne ilikuwa fomu ya ufuatiliaji, ya mwezi wa pili. Melania aliisoma kwa sauti: "'Nimefika Ujiji mwenyewe kwa siku tatu. Nimehoji wauza samaki na majirani. Wote wamethibitisha kwamba mama wa mtoto amefariki kwa kipindupindu. Mtoto atambuliwe kuwa yatima. N. Kaombwe, Meneja.'" Aliiweka chini. "Mama Rahabu, ingia. Ingia, hapa si msikitini, huhitaji kuvua viatu. Mwezi wa pili kuna mtu alikuja kukuulizia?"

Rahabu alisimama mlangoni, ndoo mkononi. "Hakuna mutu. Kila siku niko pale pale, kwenye vichanja vya dagaa. Mutoto mudogo tu angemuonyesha."

"Banda lako liko mbali na ilipokuwa meza ya Mzee Kaombwe?"

"Mutu wa migebuka? Hatua ishirini."

"Hukwenda," Melania alimwambia Bwana Nasri. "Umezaliwa pale, ungefika umefumba macho. Kwa nini hukwenda?"

Bwana Nasri alipojibu, alizungumza na leso.

"Ile harufu. Nimesoma, nimetoka. Kila nikirudi pale wananiita mtoto wa migebuka. Nguo inanuka wiki nzima. Nilifikiri… maelfu wamekufa. Nilifikiri atakuwa amekufa."

"Ukamuua kwa kalamu."

"Aliposimama pale kibarazani yu hai, ningewaambia nini Dar? Siku nne tu. Ndege ikishaondoka, mambo yangetulia. Mtoto mwenyewe angepata maisha mazuri kuliko haya." Alionyesha ndoo kwa kidevu. "Nani anataka haya?"

Bi Mwanvua alitema mate nje ya dirisha.

"Neno la siri," alisema Melania.

"Nitaliandika mwenyewe."

"Liandike."

Bwana Nasri alisogea kwenye meza ya Marselino. Aliinyoosha leso yake, akaanza kufuta vitufe vya kibodi, kimoja kimoja.

"Vitufe visafi," alisema Melania. "Andika."

Aliandika. Melania alirudisha anwani ya kitabu cha majina, akaisoma tarakimu kwa tarakimu kutoka kwenye kadi ya mafundi wa dishi, kisha akakiamuru kisanduku kijaribu tena foleni yake. Huko stoo taa moja ya kijani ilianza kupepesa. Kumi na saba. Kumi na sita. Barua za picha zilikuwa nzito. Ya kwanza ya Agape ilichukua dakika tisa. Saba. Nne. Sifuri.

Dar walijibu saa saba na nusu. Marselino alisoma, akasimama, akasoma tena akiwa amesimama.

"Wamemtoa kwenye orodha. Wanasema mama aende kambini leo na barua hii." Alishusha ukurasa kwenye kioo. "Na wametuma picha yake, afande. Ya mwezi huu. Walikuwa wameipiga kwa ajili ya pasi ya kusafiria."

Picha ilifunguka taratibu kutoka juu, kama pazia linaloshuka. Paji la uso, nyusi, macho. Rahabu aliiacha ndoo mlangoni. Alipangusa mikono kwenye kitenge upande huu na upande ule, akaja akasimama nyuma ya kiti, akangoja mdomo ufike.

"Meno ya mbele hayako," alisema.

"Ni ya utoto, mama," alisema Marselino. "Ana miaka minane. Yanatoka yenyewe."

"Ninajua." Alinyoosha kidole karibu na kioo, hakukigusa. "Mara ya mwisho ndiyo yalikuwa yamemaliza kuota."

Melania alichukua jalada lake. Alikata jina la Marselino kwa mstari mmoja, akaandika jina jingine juu yake.

"Nasri Kaombwe, kumpa askari taarifa ya uongo ni kosa, na ulinipa kwa maandishi. Mengine tutayaongeza kituoni. Vua saa. Ni kielelezo."

Mkono bila saa ulikuwa na alama nyeupe. Pingu zilikaa juu ya alama hiyo.

Land Rover ya polisi ilikuwa na nafasi mbili mbele na mabenchi nyuma. Melania alimfungulia Rahabu mlango wa mbele. Wangepita kituoni kwanza, kisha kambini. Marselino alipanda nyuma na barua yake. Bwana Nasri akafuata, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka, ndoo ya dagaa ikawekwa katikati ya magoti yake.

"Sajenti," alisema kabla gari halijaondoka. "Nakuomba. Fungua dirisha la huku."

"La huko halifunguki," alisema Melania, akawasha gari.